Mama, Risasi Niliyomtumia Baba

Mama yangu mpendwa,

Nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya gereji, Ras Al Khor hapa Dubai, mikono imejaa grisi, na leo ni Ijumaa. Wenzangu wamekwenda kula baada ya sala. Nakuandikia wewe kwa sababu mtu mwingine yeyote ningelazimika kumweleza saa nzima, na wewe ungenielewa kwa neno moja. Halafu ungenigombeza.

Nimemtumia Baba risasi mbaya, yale madini anayoyeyusha kuwa goroli za gobore lake.

Nakukumbuka umechuchumaa nyuma ya nyumba kule Handeni, upande ambao upepo unachukua moshi na kuupeleka mbali na madirisha, jiko la mkaa mbele yako, na lile sufuria bovu uliloapa kwamba halitarudi tena jikoni. Kuyeyusha kulikuwa kazi ndogo. Kazi yenyewe ilikuwa kuchagua. Baba aliokota chochote kizito alichokiona njiani, akakuletea kikapuni, na wewe ulishika kipande kimoja kimoja ukakikwaruza kwa ukucha wa dole gumba. Kikiacha alama, unakiweka kulia. Kisipoacha, unakitupa kushoto. Ulichokitilia shaka ulikigonga kwenye jiwe ukasikiliza, kwa sababu risasi laini hainung'uniki, na ngumu inalia kama kijiko. Ganda la risasi la nyaya za simu za zamani ulilipenda kuliko kitenge kipya. Risasi ya betri hukutaka hata iguse kikapu chako, kwa ile sumu yake, na siku niliyokuletea ulinichapa.

Nilikuuliza kwa nini usichanganye zote tukamaliza mapema. Ulinituma nipeleke mchicha kwa Mzee Mhina, jirani yetu, nikaona mkono wake wenye vidole viwili na jicho lake lililofumba. Niliporudi ndipo uliponieleza kwamba goroli ngumu haikubali kushindiliwa hadi chini. Inakwama katikati ya mtutu, mbali na baruti, na mtu akifyatua, mtutu unapasuka mbele ya uso wake. Nilikuwa na miaka tisa. Jioni ile sikuweza kula.

Na Baba, unamjua mwenyewe, alikaa barazani akiwaambia wenzake kwamba risasi anaichagua yeye, kwa jicho tu. Ulimsikia kupitia dirishani. Ulicheka kidogo, ukaendelea kukwaruza.

Tangu ututoke amebaki na gobore lake, kibali chake alichokikunja kwenye mfuko wa nailoni, na mahindi ambayo nguruwe pori wanayala kama vile yamepandwa kwa ajili yao. Mwezi uliopita alinipigia akasema huku Dubai magari ni mengi, siwezi kukosa risasi. Kichwa kikanivimba, Mama. Mtoto yuko Dubai, baba yake anamwomba kitu kidogo kama hicho, ashindwe? Hapa gereji tuna pipa la vile vipande vya risasi vya kusawazishia magurudumu, vya zamani, tunavyovibandua kwenye rimu. Nilimwomba arbab, bosi wetu, akanipungia mkono tu, chukua, khalas. Nikajaza mfuko hadi ukaelemea.

Nilimpa Zuhura, yule dada wa Korogwe anayefanya kazi hotelini Al Rigga, alikuwa anakwenda likizo. Alipoinua mfuko aliniuliza kama ninamtania, wenzangu wanatuma manukato na mimi natuma vyuma. Tukacheka. Sikukwaruza hata kipande kimoja. Kucha nilikuwa nazo, mwanga ulikuwepo, muda ulikuwepo. Nilikuwa naangalia mpira kwenye simu.

Mzigo ulifika salama. Nilisikia Baba amewaonyesha wazee wote, kwamba kijana hakusahau nyumbani, na mimi nikatembea siku mbili nimejaa sifa.

Juzi, Jumatano, nilimkuta Bashiri, msimamizi wetu kutoka Kerala, anachambua pipa lile kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajaja. Anatenga mafungu matatu. Nilimuuliza sababu. Kwa Kiarabu chake cha gereji akanieleza kwamba vile vya kubandika ni laini, vya kubana na klipu vimechanganywa vikawa vigumu, na vingine si risasi kabisa, ni zinki, mnunuzi havitaki. Nilichukua kimoja cha klipu nikapitisha ukucha. Hakuna alama. Cha pili, hakuna. Nikakumbuka kwamba mfuko wa Baba niliujaza kwa kuchota juu juu, na juu ya pipa klipu zilikuwa zimetapakaa.

Nilimpigia papo hapo. Haipatikani. Nikampigia mwenye duka pale njia panda, akaniambia simu ya Baba iko kwake inachajiwa, na Baba mwenyewe ameshinda dunguni analinda shamba, tena ana furaha, ameshayeyusha goroli arobaini. Nilimwomba atume mtu ambebee ujumbe. Akasema ni siku ya gulio, dukani yuko peke yake, inshallah akipatikana mtu.

Siku mbili, Mama. Jana nimesawazisha gurudumu nikakosea, mwenye gari akarudi usukani unamtetemeka, na arbab akaniuliza mbele za watu, "Yalla, akili yako iko wapi leo?" Okello, Mganda tunayekaa naye chumba kimoja, yeye ni mlinzi kule Jumeirah Lake Towers, ananiambia nitulie, mzee wangu si mjinga, ameshika gobore miaka mingi.

Nikamwambia, "Si ujinga. Aliyekuwa anajua amekufa."

Naogopa. Simu isipolia naogopa, na ikilia naogopa isije ikawa sauti ya mtu mwingine anatumia simu ya Baba. Namwona Mzee Mhina kila nikifumba macho, ila uso ni wa Baba. Na ninachokiona kibaya zaidi ni yeye kunisifu hadi dakika ya mwisho.

Niliacha kalamu hapo. Simu ililia, na ilikuwa sauti yake.

Sikumwamkia. Nilimwambia asifyatue, risasi ni mbaya, nimekosa mimi, na nikamweleza yote, hadi ule mpira. Akakohoa kile kikohozi chake anachokitoa akitaka kukana jambo, nikajua ataniambia kwamba alishaiona kwa jicho.

Hakusema hivyo. Alisema usiku wa kuamkia jana nguruwe waliingia upande wa mtoni. Akaweka baruti, akaweka goroli, akashindilia, ikakwama nusu. Akasukuma, ikakataa. Akashika jiwe apige ule ufito wa kushindilia kwa nguvu. Nikiwa huku ngazini nilisimama bila kujua nimesimama.

"Nikamwita mama yako aje aangalie," akasema. "Nikaweka gobore chini, nikamsubiri."

Aliita kwa sauti, Mama, kuelekea nyumbani, jina lako lote. Mtu ambaye miaka yote alijifanya hakuhitaji. Nguruwe wamekula mistari minne wakaondoka kwa raha zao. Goroli zilizobaki amezifunga na gobore amelipeleka kwa fundi aitoe ile iliyokwama.

Nilimuuliza alikusubiri muda gani.

"Mpaka jua likatoka," akasema. "Ndipo nikakumbuka."

Pumzika, Mama. Usituchoke tukikuita.

Ni mimi, mwanao wa kwanza.