Kijiti cha Mwisho

4 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Kikohozi kinaendeleaje? Mimi mzima, ila nyusi zimeungua kidogo. Usicheke. Nimekabidhiwa jiko! Tangu nianze kazi kwenye mkahawa huu wa Kijapani nilikuwa natunga nyama kwenye vijiti tu. Sasa nasimama mbele ya makaa, wageni wameketi kaunta wananitazama, nami nawapa kijiti kimoja kimoja: ini, ngozi, filigisi, paja. Taa hafifu, mbao nyeusi, kelele hakuna. Najua ulitaka niwe mhasibu. Njoo tu ule kwa mkono wangu.

Mwanao,
Kitinda Mimba

22 Machi

Kitinda Mimba,

Marahaba. Kikohozi kipo, tumeshazoeana. Cherehani yangu imekusomesha ili ukae ofisini, si ukapepee makaa. Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi sikukulea hivyo. Haya, nitakuja. Nitafutie kiti chenye egemeo.

Baba yako

3 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini ulifika nyumbani salama, maana hukuaga.

Nimeshindwa kunyamaza. Ulikula vijiti vingine vyote bila neno. Kile cha mwisho, cha paja na kitunguu, nilichokigeuza kwa uangalifu kuliko vyote, ukakisogeza kando ukakiacha. Wewe! Wewe usiyebakiza hata mfupa, ambaye sahani yako haihitaji kuoshwa! Mkuu wetu wa jikoni, yule mzee wa Kijapani, hutufundisha kwamba mgeni husema kwa kile anachobakiza. Alikiona, akainamisha macho. Nikakitupa pipani mbele yako, na leo ningekitupa tena. Kama kazi yangu inakutia aibu, ungesema kwa mdomo.

Mwanao

11 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, ingawa safari hii hata kikohozi hukukiulizia. Nimechelewa kujibu kwa sababu nililazwa. Miguu imevimba, daktari amekataza safari. Sasa nipo nyumbani.

Mama yako akishapika, alikuwa anatupakulia sote, yeye anakula makombo jikoni amesimama. Nilimgombeza wee, mpaka nikachoka. Basi nikaanza kumbakizia tonge la mwisho, lile nono. Akija kutoa vyombo analikuta, analila hapohapo huku ananicheka. Alipofariki, wewe ulikuwa unatambaa. Tangu hapo nalamba sahani, kwani nimbakizie nani?

Siku ile nilikutazama unalisha watu, wewe mwenyewe hutii kitu kinywani. Unavyogeuza nyama, ni yeye mtupu. Nikala huku namkumbuka. Kijiti kile kilikuwa chako. Nilipoona kinaingia pipani, nikachukua kofia yangu nikaondoka.

Baba yako

19 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Kikohozi je? Na miguu?

Nisamehe. Nimelia juu ya makaa mpaka mkuu wetu akaninyang'anya koleo. Nilipomsimulia, alirudi kwenye makaa. Alichoma kijiti kimoja cha paja na kitunguu, akanipa. Nimekila nimesimama.

Nimeomba ruhusa, nafika Jumamosi. Mtu mwingine asiingie jikoni kwako, nitapika mimi. Na kama daktari amekuruhusu uji tu, basi nitapika uji. Utakunywa, baba, halafu kijiko cha mwisho unibakizie.

Wako,
Kitinda Mimba