Nilivyojaza Fomu ya Wafula

Jumatatu, 3 Machi
Nyumba sita kabla ya saa saba. Fomu ya sonona, maswali tisa kila nyumba, yote kuhusu wiki mbili zilizopita. Usingizi. Hamu ya kula. Uchovu. Kujiona huna maana. La tisa ni kama umewahi kuwaza heri ungekufa. Miaka minane nahudumia afya ya jamii hapa mtaani Kariobangi, nilidhani nimeona yote. Watu wanne kati ya sita niliowauliza walikubali zaidi ya nusu ya maswali. Si walevi. Si wendawazimu. Fundi wa madirisha. Mama mboga anayeimba kwaya. Mwalimu wa nasari. Mwenye ploti mwenyewe, anayetukusanyia kodi.

Miguu inauma.

Jumanne, 4 Machi
Mzee Kioko, dereva mstaafu, alisikiliza maswali yote kisha akacheka. "Kumbe huu ni ugonjwa? Mimi nilidhani ni maisha tu." Nikaandika maneno yake pembeni ya fomu. Hayana nafasi yake pale.

Nimechoka kusikia ndiyo. Hakuna aliyelia. Wanajibu kama watu wanaoulizwa kama wana maji.

Alhamisi, 6 Machi
Sista wa kliniki amesema fomu za nyumba za wahudumu nazo zijazwe. Yangu nimeijaza jioni nikisonga ugali. Kwa Wafula, mume wangu, nimeweka sufuri tisa, yaani hapana kwa yote. Alikuwa hapo hapo kwenye kochi, televisheni imewaka bila sauti. Sikumwuliza. Miaka kumi na saba ya ndoa, nitamwuliza nini?

Jumamosi, 8 Machi
Wafula hakwenda mazoezi ya timu ya mpira ya wazee. Wiki ya nne sasa. Anasema ni goti. Amelala akiangalia ukuta mpaka saa nane mchana. Nimekasirika. Nimemwambia nyumba hii si lojing'i ya kuja kulala tu. Akavuta blanketi kichwani. Afadhali angejibu.

Jumatatu, 10 Machi
Supavaisa wa kiwanda anachofanyia kazi Wafula amenipigia. Anauliza kama Wafula amepona. Hajafika kazini tangu wiki iliyopita. Lakini kila asubuhi anatoka na mkebe wake wa chakula! Nilifikiria mwanamke mwingine. Naandika ukweli: nilitamani awe mwanamke mwingine, kwa sababu jambo la pili nililolifikiria lilikuwa swali la tisa.

Simu yake imezimwa. Nikawauliza waendesha boda boda pale steji yetu, wanapongojea abiria. Mmoja akasema humwona Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi. Nikaenda.

Alikuwa ameketi kwenye jiwe kando ya zizi. Wanunuzi wanapita, mbuzi wanalia, yeye kimya. Mkebe magotini, haujafunguliwa. Nikaketi chini karibu naye, kwenye vumbi na samadi.

"Baba Sifa, unafanya nini hapa?"

"Hapa hakuna anayeniuliza kitu."

Kisha akasema, bila kunitazama, "Umeuliza Kariobangi nzima, Mama Sifa. Nilikuwa nangoja ufike kwangu."

Nikamwuliza pale pale, bila fomu, la kwanza hadi la nane. Ndiyo. Ndiyo. Karibu kila siku. Kisha nikauliza la tisa.

"Siku kadhaa," akasema. "Leo pia."

Nikamshika mkono. Hatukupitia nyumbani. Tulienda moja kwa moja kliniki.

Jumatano, 12 Machi
Daktari aliongea naye peke yake zaidi ya saa moja juzi. Dawa ameanza. Atarudi kila wiki. Dada yake amekuja kukaa naye nikiwa kazini, hatumwachi peke yake.

Leo nimemwambia sista kwamba zile sufuri tisa nilizitunga. Nilitarajia kufukuzwa. Akanipa fomu mpya. Akaniuliza kama kuna mwingine nyumbani ambaye hajaulizwa. Mwanetu Sifa yuko bodingi, shuleni, nikasema. Akaniambia hamuulizii Sifa. Ananiuliza mimi.

Nikajibu yote. Baadhi ni ndiyo.

Ijumaa, 14 Machi
Supavaisa amekubali barua ya daktari. Hakuahidi kumwekea nafasi yake ya kazi. Wafula alisikia. Usiku hakulala. Mimi pia.

Jumapili, 16 Machi
Sikwenda kanisani. Mvua kidogo. Wafula ameamka saa tatu, amekula nusu ya mandazi. Ameomba maji ya kuoga nikamchemshia. Kisha tumekaa mlangoni, mimi nikichambua sukuma wiki, yeye akinipokea majani moja moja.