Tangi Juu ya Chumba cha Mama

Bungoma, 3 Machi 2024

Shemeji Sifuna,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Dada yako Nabwile ni mzima, na watoto wanakula kama nzige. Magoti ya Mama yanaendeleaje na baridi ya Kibomet?

Nimemaliza mchoro wa kumpashia nyumba joto. Jiko la kuni litachemsha maji ya lile tangi kubwa la lita 800 kule nje, kisha yatazunguka vyumbani kwa mabomba. Sasa nisikilize hapa. Maji hayo yakipanda kutoka nyuzi 15 hadi 90 yanaongezeka kama lita 28, na kwa kuwa mabomba yamefungwa, hayana pa kwenda. Ndiyo maana tunaweka tangi la pili, lenye mpira na hewa ndani, liyapokee. La lita 28 halitoshi, hewa nayo inataka nafasi yake. Nimepiga hesabu mara tatu: weka la lita 80, si chini.

Litakaa darini, juu ya chumba cha kulala cha Mama. Huko mimi siwezi kupanda, unajua ni mwiko mkwe kuwa juu ya kitanda cha mama mkwe. Wewe ni mwanawe, tena fundi, kwa hivyo nakuachia.

Shemeji yako,
Wekoye

Kibomet, Kitale, 28 Aprili 2024

Shemeji Wekoye,

Mko salama? Huku tuko sawa, mahindi yameota vizuri. Kazi imeisha, bana! Mama anatembea bila soksi, ati mkwe wake amemletea joto la Mombasa. Kitu kimoja tu: ile valvu ya usalama ilikuwa inadondosha, ikachafua dari mpya. Nimeshaimaliza, haidondoshi tena.

Shemeji yako,
Sifuna

Bungoma, 5 Mei 2024

Shemeji,

Hongera, na Mama umwambie nimefurahi sana. Lakini valvu haidondoshi bure. Inafunguka presha ikizidi, na presha huzidi tangi likiwa dogo. Uliimaliza vipi? Tafadhali panda unisomee kibandiko cha tangi, ni lita ngapi.

Wekoye, shemeji yako

Kibomet, 12 Mei 2024

Shemeji,

Natumaini hamjambo. Si uliniambia la themanini? Ndilo nililoweka. Nimepanda, nimesoma. Valvu nilibadilisha mpira tu. Ama siku hizi huniamini?

Shemeji yako,
Sifuna

Kibomet, 19 Julai 2024

Shemeji,

Hata salamu sina. Mama ameungua. Jumanne asubuhi bomba la darini lilipasuka, maji ya moto yakashuka na dari yote mpaka kitandani. Ni mguu na mkono wa kushoto. Daktari anasema atapona, polepole.

Wazee wamekaa. Nilisema nilifuata mchoro wako vile ulivyo, nao wakaona hesabu yako ndiyo ilikosea. Usije kwanza, watu wana hasira. Nabwile anaweza kuja.

Sifuna

Bungoma, 4 Agosti 2024

Sifuna,

Nasikia Mama sasa anakunywa uji mwenyewe. Namshukuru Mungu.

Wiki mbili niliamini nimemchoma mama mkwe wangu. Nilirudia hesabu mpaka karatasi zikaisha. Wateja waliniita nikakataa, nikiogopa kumchoma mwingine. Alhamisi, ukiwa hospitalini, Nabwile alinifungulia nyumba akanishikia ngazi. Nilipanda. Ndiyo, juu ya kitanda cha Mama.

Tangi ni la lita 24. Valvu umeitia kizibo na kukikaza kwa spana. Nikapima mlango wa dari, nikaona la themanini halipiti. Kumbe hukutaka kukata dari yako mpya! Ungeniambia, tungeliweka nje kando ya lile kubwa. Ni kazi ya siku moja.

Umeniumiza, Sifuna. Ulinidanganya ukijua siwezi kupanda nikaona. Heshima niliyomwekea mama yako ndiyo uliyojificha nyuma yake, na hata alipoungua hukutoka.

Jumamosi nakuja mbele ya wazee. Nitasema nilichoona. Wataniuliza nilikionaje, nami nitajibu. Kondoo wa kutakasa nyumba kwa mwiko niliouvunja nimeshampata. Nabwile analia, anasema baada ya hapo Mama hatapokea tena salamu yangu, hata ya kutumwa. Huenda ikawa hivyo. Lakini kabla hajanikataa, atajua ni nani aliyekaza kile kizibo.

Wekoye,
mume wa Nabwile