Udongo wa Josho la Zamani

Dirma, 2 Februari 2023

Mwanangu Mectilda,

Habari za Morogoro na masomo? Sisi wazima, na goti la mama yako limepunguza kuuma.

Majibu ya udongo wa josho la zamani yametoka. Dawa ya kuogeshea ng'ombe enzi zile iliacha sumu ardhini, na imefika hadi robo ya shamba letu la vitunguu. Mwenyekiti Ezekiel anataka udongo wote uchimbwe ukatupwe mbali. Wengine wanasema tuache, mbona hatujafa. Mimi sitaki kupoteza shamba alilofyeka babu yako. Wewe unasomea mambo haya. Nani yuko sahihi?

Baba yako


Morogoro, 11 Februari 2023

Shikamoo baba,

Nashukuru mama anaendelea vizuri. Mimi mzima.

Siwezi kusema nani yuko sahihi, maana kila mmoja anajibu swali lake. Kwanza kubalianeni mnataka kulinda nini zaidi: watoto, kisima, mashamba, au nguvu za watu. Kila mtu apewe punje kumi za mahindi, azigawe kwenye mabakuli manne. Ndipo mpime kila njia kwa hayo. Udongo ukichimbwa, nani ataupokea?

Na vitunguu vya robo ile msile, wala msiuze. Nisamehe, baba.

Mwanao


Dirma, 9 Mei 2023

Mwanangu,

Hatujambo, mvua imekuwa nzuri. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu barua yako iliniuma. Mama yako aling'oa vitunguu siku ileile, hakuniuliza.

Mkutano tulifanya. Bakuli la watoto lilijaa, la kisima likafuata. La mashamba lilikuwa na punje kumi, zote zangu. Ezekiel alipoulizwa nani ataupokea udongo, alikaa chini. Tulipopima kila njia kwa punje hizo, iliyoshinda ni kufunika pale kwa udongo safi, kupanda nyasi, kuweka uzio na kupima kisima kila mwaka. Robo yangu ikawa ndani ya uzio.

Jirani yetu Fausta, ambaye watoto wake huchezea pale, akaniuliza mbele ya watu kama nimeridhika. Niliwatazama wale watoto. Nikamjibu, "Nguzo ya kwanza nitaichimbia mimi." Nikaichimbia.

Kijiji kimenipa kipande cha shamba njia ya Gehandu. Ni kigumu, lakini maharage yameota, na naenda kuyaangalia mara mbili kwa siku. Mama yako ananicheka.

Likizo uje na vifaa vyako upime udongo wa kipande hicho. Mama yako amesema hachumi hata jani mpaka useme wewe, na mimi nimeona ana haki.

Baba yako