Alama Nyekundu kwenye Ukuta wa Mama

Mugunga, Goma
Tarehe 12 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Aksanti,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Afya yako iko vipi huko Ubelgiji, na baridi imeshaanza? Nabintu na mtoto wenu Aubin wanaendelea vizuri? Sisi tu wazima, Mungu asifiwe, ila Mama anasumbuliwa na magoti. Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize, maana nina hasira nawe.

Watu wa utafiti wenu wa mafuriko walifika hapa wiki iliyopita. Walipotaja jina lako mlangoni, Mama aliwachinjia kuku. Walitaka kuanza kazi, akawakatalia: "Kama munatumika kazi na Aksanti, muko batoto yangu. Mukule kwanza." Wakala, wakanawa, wakashukuru. Kisha wakapaka alama nyekundu kwenye ukuta wetu, wakaenda kwa jirani.

Niliwafuata barabarani nikauliza. Nikaambiwa mfereji mkubwa utapita hapo na nyumba yote itabomolewa, na kwamba ramani umeichora wewe. Wewe, Aksanti. Nyumba aliyoijenga marehemu Papa kwa mawe ya volkano aliyoyapasua mwenyewe, umeipigia mstari bila hata kutupigia simu?

Usinijibu kisomi. Sikatai mfereji. Mvua ya Aprili ilipoangusha ukuta wa Mama Dative juu ya mjukuu wake, mimi nilikuwa miongoni mwa waliochimbua kwa mikono, na tulimtoa amekwisha kufa. Najua maji lazima yapate njia, na pengine njia yenyewe ni hapa kweli. Lakini mama huambiwa na mwanawe, haambiwi na rangi. Wewe uliona aibu, ukatuma wageni, nao wakala kuku wetu wakanyamaza.

Mama hajui. Anadhani ni alama ya nyumba zitakazoimarishwa, na anawaambia hivyo wote anaokutana nao wakitoka misa. Jana alinunua chokaa akaupaka ukuta upya. Alipofika kwenye alama ile aliizunguka polepole kwa brashi ndogo, ili kazi ya mwanawe isiharibike.

Mimi sitamwambia. Panda ndege uje umwambie mwenyewe, ukiwa umekaa pale walipokaa wale wageni wako. Najua kwanza atakupikia.

Msalimie Nabintu, umbusu Aubin. Mungu akulinde huko, akupe na moyo wa kuja.

Dada yako akupendaye hata katika hasira hii,
Nsimire