Mbegu ya Mama Kwa Jirani

Mjukuu wangu Boke,

Marahaba, salamu zako zimefika. Hapa Itiryo tu wazima, ila yule ng'ombe wako mwekundu amezaa na wewe hupo.

Unauliza kama mbegu zilizobadilishwa maabarani zitaharibu ardhi yetu. Sijui, mama. Ninachokijua ni kwamba nilipoolewa nilikuja na mbegu ya wimbi ya mama yangu, nikamgawia jirani. Mwaka aliofariki mama, ukame ulikuwa umemaliza yangu yote. Jirani akaniletea ileile. Nilipovuna nikasonga ugali, ladha ya jikoni kwa mama ikanirudia. Nililia.

Waulize walimu wako: hizo mpya, nikimgawia jirani, ataweza kunirudishia? Maana siku nikiondoka, nataka unikute kwake.

Bibi yako