Picha ya Ghorofa Ambayo Haikujengwa

Gatina, Kawangware,
Nairobi.
9 Septemba 2025

Mpendwa mjukuu wangu Ndanu,

Salamu nyingi kutoka kwa susu yako. Habari ya Lodwar na hilo jua lake? Mjomba wako Mutuku anakulisha, ama bado unashinda na chai tupu? Mimi niko. Goti limekataa ngazi lakini mdomo unafanya kazi. Naandika kwa sababu kwa simu unanikatiza.

Kaluki wa jirani amejifungua mapacha, wote wazima.

Sasa sikiliza. Adhis rafiki yako, yule mchora ramani za nyumba, alikuja hapa Jumamosi amenuna. Alipeleka jina lako kwa wale wanaotuza vijana wa ujenzi, mainjinia na wachoraji, na wewe ukamwambia aliondoe. Eti ulisema yeye ana ukumbi aliouchora kule mtaa wa Raila, Kibera, watu wanaupiga picha, na wewe huna jengo la kuonyesha.

Nani alikufundisha kujidharau? Si mimi.

Mwaka jana Mwanzia alikuita wewe injinia ukague hii ploti yake ninayokaa, aongeze ghorofa ya nne. Ukapima nguzo za chini, ukamwambia hazitabeba. Alikubembeleza, ukakataa kutia sahihi, ukaenda kuripoti kaunti, kazi ikasimamishwa. Akanishika nje ya kanisa mbele ya watu: "Mama Mutuku, huyo mjukuu wako alisomea kuharibia watu?" Nikamwambia, "Alisomea kukuzuia usituzike, mzee." Mpaka leo hanisalimii, na sijakonda.

Lakini wewe ndiye unaona haya.

Adhis akasema wanataka picha ya kazi yako kabla ya Ijumaa. Nikamwambia twende juu. Nilipanda ngazi zote na goti hili, nimeshikwa mkono na Caren wa chumba cha pili. Pale juu, mahali ghorofa ya nne ingekaa, kuna kamba za nguo. Sare za shule, nepi, shuka za Caren. Adhis akapiga. Nimekuwekea moja humu kwenye bahasha. Iangalie vizuri. Hakuna ukuta hata mmoja, na chini ya hizo nguo tumelala ploti nzima, tukaamka.

Hiyo ndiyo kazi yako. Picha imeshaenda na jina lako halitoki. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi, Adhis mwache.

Siku ya tuzo nitavaa lile gauni langu la kijani, nikae mbele kabisa. Wakikupa, wakikunyima, wewe utakuwa kando yangu. Usipokuja nitasimama niongee mwenyewe, na unajua sina maneno machache.

Msalimie Mutuku na mkewe Nasambu, na uwaoshee vyombo, kwa watu si hoteli. Kevin ndugu yako anakusalimia. Mungu akushikilie, usiwe na ufa.

Wako akupendaye hata akigomba,
Susu Syombua